Baruti ya shotigani ndani ya risasi za bastola: namna ya kuchagua kwa ajili ya shabaha

Red Dot ilitoka mwaka 1932 ikiwa baruti ya shotigani. Walenga shabaha wa bastola waliichukua na hawajaiacha mpaka leo: miongozo ya kujazia risasi huonyesha vipimo vyake vya risasi za bastola za .38 Special na .45 ACP pamoja na vile vya shotigani ya geji 12. Green Dot, Clays, 700-X na WST nazo ni hivyohivyo, kopo moja kazi mbili. Anayeanza akiiona orodha hiyo huuliza ipi ni bora. Swali hilo halijibiki mpaka lifungwe kwenye ganda fulani, kichwa fulani na kipimio fulani, yaani kifaa cha kumwagia baruti kwa kiasi. Na ukishalifunga hivyo, jibu mara nyingi haliamuliwi na kasi ya kuungua inayozungumzwa sana. Linaamuliwa na mambo mawili yanayopuuzwa: baruti inavyomiminika, na nafasi inayochukua ndani ya ganda.

Tuelewane maneno kwanza. Risasi, katika makala haya, ni kitu kizima kinachoingia kwenye chemba. Ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki iliyo kitakoni, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Baruti hupimwa kwa greni. Greni 1 ni sawa na gramu 0.065 hivi, na ratili 1 ina greni 7,000.

Vipimo vya kujazia hutavipata hapa, na ni kwa makusudi. Kipimo cha baruti ni halali kwa mchanganyo mzima uliopimwa maabara: ganda lile, fataki ile, kichwa kile, na urefu ule wa risasi iliyokamilika. Ukikitoa humo kinakuwa namba tupu, na namba tupu katika kazi hii huvunja bastola na kujeruhi mikono. Watengenezaji wa baruti hutoa miongozo yao bila malipo, nayo husahihishwa kila baruti inapobadilika. Hakikisha pia sheria ya nchi yako inakuruhusu kujaza risasi na kuhifadhi baruti nyumbani, maana nyingi zinadai kibali.

Kwa nini baruti ya shotigani inaikubali bastola

Baruti isiyo na moshi haina kasi moja ya kuungua. Shinikizo likipanda inaungua haraka zaidi, na ikiungua haraka shinikizo linazidi kupanda. Mtengenezaji huidhibiti kwa umbo na ukubwa wa punje, kwa kiasi cha nitrogliserini kilichomo, na kwa dawa inayopakwa juu ya punje ili kuchelewesha moto. Kila baruti kwa hiyo ina kiwango cha shinikizo ambacho ndicho nyumbani kwake. Chini ya hapo inaungua kivivu na kuacha punje mbichi. Juu ya hapo inakimbia.

Shotigani ni silaha ya shinikizo dogo. Kikomo cha SAAMI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya risasi, ni psi (ratili kwa inchi ya mraba) 11,500 kwa geji 12 ya kawaida. Ndani ya shinikizo hilo baruti inatakiwa iwake yote na isukume aunsi moja ya marisau, yaani greni 437.5. Sasa tazama bastola za shabaha. Kikomo cha .32 S&W Long ni psi 15,000, cha .38 Special ni 17,000, cha .45 ACP ni 21,000. Na mlenga shabaha hafiki huko. Anataka risasi nyepesi isiyomrusha mkono, kwa hiyo anafanya kazi chini ya vikomo hivyo. Baruti iliyoundwa kuungua vizuri kwenye psi 10,000 au 11,000 inamfaa. Ile ya bastola za magnum, zile za nguvu kubwa, inayotaka psi 30,000 ndipo iungue sawasawa, itamwachia punje za manjano mtutuni na kasi inayoyumba toka risasi hadi risasi.

Hii haina maana kwamba baruti yoyote yenye picha ya shotigani inafaa. Blue Dot na Longshot ni za shotigani, lakini zimeundwa kwa mizigo mizito ya kuwindia, na ni za polepole mno kwa kazi hii. Kwa Blue Dot, watengenezaji wake Alliant walishatoa tahadhari isitumike kabisa katika .41 Magnum, wala katika .357 Magnum yenye kichwa cha greni 125. Zinazohusika hapa ni za mizigo myepesi ya kutungulia visahani, kati ya gramu 24 na 32 za marisau.

Jedwali la kasi: lisome, lisikutawale

Kila mtengenezaji huchapisha orodha ya baruti kuanzia ya haraka hadi ya polepole. Orodha hiyo inakusaidia kujua mtaa ambao baruti inaishi. Red Dot, Clays, 700-X na WST wanakaa mtaa mmoja wa haraka, jirani na Bullseye ambayo ni ya bastola tangu mwanzo. Green Dot iko nyuma yao kidogo. Unique na Universal zipo katikati, na hizo zinakubali kazi nyingi zaidi.

Orodha haikupi umbali kati ya nyumba na nyumba. Namba 10 na namba 11 zinaweza kuwa pacha au zikaachana sana, na baruti mbili zikibadilishwa ganda zinaweza kupishana nafasi. Ndiyo maana kuchukua kipimo cha baruti moja na kukitumia kwa jirani yake ni kosa baya hata kama zinafuatana kwenye jedwali. Majina nayo yanapotosha. Clays, International Clays na Universal Clays ni baruti tatu tofauti zilizowahi kuuzwa kwa majina yanayofanana, na mtu akisoma mstari wa Universal huku mkononi ana Clays anajaza kupita kiasi. Kinyume chake, HP-38 na Winchester 231 ni baruti ileile yenye lebo mbili. Ukikuta mwongozo wa zamani unaoandika Hercules Red Dot, ujue biashara hiyo ya Hercules ilihamia Alliant mwaka 1995. Jina la baruti limebaki, ila vipimo vya mwongozo wa zamani visitumike pale ambapo kuna vipya.

Inavyomiminika

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, na ndipo shotigani na bastola zinapoachana.

Mzigo mwepesi wa geji 12 hutumia greni 17 au 18 hivi za baruti ya haraka. Kipimio kikikosea kwa greni 0.2, kosa ni asilimia 1 tu. Bastola ya shabaha hutumia kati ya greni 3 na 5. Kosa lilelile la greni 0.2 kwenye greni 4 ni asilimia 5, na kwa baruti ya haraka asilimia 5 huonekana kwenye kronografu (kifaa cha kupima kasi ya kichwa), kwenye karatasi ya shabaha, na ukiwa karibu na kikomo, kwenye shinikizo. Kwa hiyo sifa ya "inamiminika vizuri" iliyopewa baruti na mjaza marisau haikuhusu mpaka uipime mwenyewe.

Umbo la punje ndilo linaloamua. Baruti za mviringo na zile za mviringo uliobapazwa, kama WST na HP-38, huteleza kama mtama mkavu. Kipimio cha kawaida huzitoa kwa tofauti ya greni 0.1 au chini yake. Red Dot, Green Dot na Unique ni vipande bapa kama chenga za karatasi, na vidoa vya rangi unavyoviona ndani ya Red Dot na Green Dot vimewekwa ili zitambulike. Clays nayo ni bapa, lakini punje zake ni ndogo na inatii zaidi.

Vipande bapa vina tabia ya kushikana na kujenga daraja kwenye shingo ya kipimio. Daraja likishika, ganda la kwanza linapata baruti kidogo au halipati kabisa. Likivunjika kwenye mkupuo unaofuata, ganda la pili linapata sehemu yake pamoja na masalio ya mwenzake. Kosa moja limezaa risasi mbili mbovu, moja dhaifu na moja yenye nguvu kupita kiasi, na zote mbili zinaingia kwenye sanduku moja. Tundu la kupimia likiwa jembamba ndivyo daraja linavyojengeka kwa urahisi. Vipimio vingi vyenye ngoma, yaani kile kipande kinachozunguka chenye tundu la kupimia, huuzwa na ngoma ndogo na kubwa. Kwa greni 4 za vipande bapa, tundu pana lenye kina kifupi hutoa matokeo ya kuaminika kuliko jembamba lenye kina kirefu.

Kabla ya kuichagua baruti, ipime kwa kipimio chako. Jaza chupa ya kipimio hadi theluthi mbili, weka ndani kile kizuizi cha bati kinachobeba uzito wa baruti ya juu, na mwaga vipimo 20 vya kwanza kurudi kwenye chupa ili baruti itulie. Kisha mwaga 20 vingine na upime kimoja kimoja kwenye mizani inayosoma greni 0.1, au bora zaidi 0.02. Vuta mkono wa kipimio kwa mwendo uleule kila mara, na ugonge ule mgongano wa juu na wa chini kwa nguvu ileile. Mwishowe pima 10 kwa pamoja na ugawe kwa 10, maana wastani huo ni sahihi kuliko usomaji wa kipimo kimoja. Ikiwa kikubwa kuzidi vyote na kidogo kuzidi vyote vimepishana kwa greni 0.2 jumla, baruti hiyo inakubaliana na kipimio chako. Ikifika 0.3 au 0.4, badilisha ngoma au badilisha baruti. Usijifariji kwamba wastani uko sawa. Risasi haifyatuliwi kwa wastani.

Chupa mpya ya plastiki huwa na umeme tuli, na punje bapa hung'ang'ania kuta zake. Ioshe kwa maji yenye sabuni ya vyombo na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta. Ukimaliza kazi, rudisha baruti kwenye kopo lake siku hiyohiyo. Nitrogliserini huila plastiki na kuitia ukungu, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kesho hutakumbuka ndani ya chupa kuna nini, na baruti isiyojulikana haina matumizi mengine ila kutupwa kwa usalama.

Tuiseme na baruti iitwayo Promo, kwa sababu wengi huvutwa na bei yake. Ni ya ukoo wa Red Dot, na hujazwa kwa data ya Red Dot, lakini kwa uzito tu. Ujazo wake haulindwi kutoka toleo hadi toleo, kwa hiyo ngoma au kijiko kilichokupa greni sahihi kwenye kopo la mwanzo hakikupi uhakika wowote kwenye kopo la pili. Anayepima kwa mizani kila anapofungua kopo hatapata shida nayo. Anayeamini namba iliyoandikwa kwenye kipimio aiache.

Nafasi inayochukua ndani ya ganda

Ajali mbaya katika risasi za shabaha mara nyingi haitokani na mtu kusoma mwongozo vibaya. Inatokana na kujaza ganda moja mara mbili. Baruti ya haraka ikiongezwa maradufu haiongezi shinikizo maradufu. Inaliongeza zaidi ya hapo, na bastola inapasuka. Unene wa baruti, yaani nafasi inayochukuliwa na greni moja, ndio unaoamua kama jicho lako litaliona kosa hilo au halitaliona.

Tupige hesabu, na tuchukue greni 4 kama mfano wa hesabu tu. Greni 1 ya Red Dot au Clays huchukua karibu sentimita za ujazo 0.14. Greni 1 ya Titegroup, baruti ya bastola inayotumika sana kwa kulinganishwa nazo, huchukua karibu 0.085. Ganda tupu la .38 Special lina nafasi ya karibu sentimita za ujazo 1.5, kwa sababu lilirithiwa kutoka enzi ya baruti nyeusi iliyohitaji nafasi kubwa.

Greni 4 za Red Dot zinachukua 0.56, zaidi kidogo ya theluthi ya ganda. Ukikosea ukarudia, baruti inafika robo tatu ya ganda na hata mtu aliyechoka anaiona. Greni 4 za Titegroup zinachukua 0.34, chini ya robo. Ukirudia zinafika 0.68, ambayo haifiki nusu ya ganda. Yaani Titegroup iliyojazwa mara mbili inakaribia kufanana na Red Dot iliyojazwa mara moja, na kwenye kina cha ganda jembamba, chini ya taa mbaya, tofauti haionekani.

Kwenye 9 mm hesabu inazidi kusema. Ganda lake tupu lina karibu sentimita za ujazo 0.86. Kipimo mara mbili cha Red Dot kingekuwa 1.12, kwa hiyo kinamwagika mezani na kujitangaza. Kipimo mara mbili cha Titegroup kinaingia chote, na kichwa kinakaa juu yake.

Kwa mtu anayejaza kwa mkono, ganda moja moja, hii ndiyo sababu kubwa ya kupendelea baruti nene ya shotigani hata kama inamiminika kwa ukaidi kidogo. Ukaidi wa kipimio unatibika kwa ngoma sahihi na mkono uliotulia. Baruti inayojificha chini ya ganda haitibiki.

Unene una faida ya pili, safari hii ya usahihi. Ganda likiwa na nafasi tupu nyingi, baruti hulala mbele au nyuma kutegemea mtu alivyoinua bastola. Ikilala nyuma, karibu na fataki, inawaka haraka. Ikilala mbele, kwenye kichwa, inachelewa, na kasi inashuka. Kwenye .38 Special yenye baruti kidogo tofauti hiyo inaweza kuwa makumi ya futi kwa sekunde. Unaweza kuipima: fyatua risasi 5 ukiwa umeinua mtutu juu kabla ya kila moja na kuushusha taratibu, kisha 5 ukiwa umeuinamisha chini kabla ya kila moja, na ulinganishe kwenye kronografu. Baruti nene hupunguza tofauti hiyo. Titegroup, ingawa ni nyembamba, iliundwa mahususi kuvumilia hali hii, na katika hilo inafanya vizuri.

Usafi, joto na moshi

Malalamiko kwamba baruti fulani ni chafu mara nyingi ni malalamiko kuhusu shinikizo. Unique ikijazwa chini ya uwezo wake huacha masizi na punje nusu mbichi. Ikipewa shinikizo linaloitosha inasafika. Hivyo mtu anayetaka risasi nyepesi sana achague ya haraka zaidi, badala ya kuipunguza ile ya katikati mpaka ianze kulalamika. Clays inajulikana kwa usafi kwenye shinikizo dogo, na hiyo ni moja ya sababu za walenga shabaha wa .45 ACP kuipenda.

Punje zisizoungua si suala la sura tu. Kwenye rivolva huanguka chini ya ile nyota inayosukuma maganda kutoka, na nyota isipokaa sawa silinda inagoma kuzunguka. Ukiona hivyo, tatizo huenda si baruti. Mdomo wa ganda usipobanwa vya kutosha, kichwa kinaondoka kabla shinikizo halijajijenga na baruti inabaki mbichi. Jaribu kubana zaidi kidogo kabla ya kununua kopo jingine.

Vichwa vilivyosubiwa kwa madini ya risasi au kupakwa rangi ya polima huwa havipendi baruti zenye moto mkali. Titegroup ina nitrogliserini nyingi na joto lake hulainisha kitako cha kichwa. Moshi unaotoka hapo mara nyingi ni wa nta na polima, na si wa baruti.

Ganda kwa ganda

.38 Special yenye kichwa bapa cha greni 148 ndiyo risasi ya shabaha iliyozoeleka kuliko zote. Kichwa chake kinazama ndani ya ganda mpaka usawa wa mdomo, hivyo kinakula nafasi nyingi. Baruti za haraka na nene kama Red Dot, Clays na 700-X zinaikaa vizuri. Jambo la kuangalia ni kwamba data ya kichwa kinachozama na ya kisichozama zisichanganywe, wala data ya kichwa chenye kitako tupu na ya chenye kitako kilichojaa. Vile vyenye kitako tupu vina ukuta mwembamba, na vikisukumwa kwa nguvu sketi yao huweza kukatika na kubaki mtutuni.

.45 ACP yenye kichwa cha greni 185 au 200 cha umbo la kukata karatasi inakubali karibu kila baruti ya mtaa huu. Hapa kikwazo ni mashine ya bastola. Risasi ikiwa nyepesi mno slaidi hairudi mpaka mwisho, ganda linabanwa dirishani, au risasi mpya haipandi. Bastola ya aina ya 1911 yenye mtutu wa inchi 5 hutoka na springi ya ratili 16. Walenga shabaha huweka ya 12 hadi 14. Tafuta kwanza kipimo kinachopiga vizuri, kisha rekebisha springi iendane nacho. Kufanya kinyume chake ni kuiachia springi ikuchagulie risasi.

9 mm inahitaji uangalifu kuliko zote mbili. Kikomo chake ni psi 35,000, ganda ni dogo, na baruti ya haraka ndani ya ganda dogo hupanda ghafla. Kichwa kikizama zaidi ya ilivyopimwa, hata kwa chini ya milimita moja, nafasi inapungua na shinikizo linaruka. Kwa hiyo pima urefu wa risasi kila baada ya chache, na ujaribu kama kichwa kinasukumika ndani kwa kidole gumba dhidi ya ukingo wa meza. Kikisogea, ganda halijabana. Wanaoshindana IPSC, yaani mashindano ya kimataifa ya kufyatua kwa vitendo, hulazimika kufikia kigezo cha nguvu cha 125 kwa daraja la Minor, kinachopatikana kwa kuzidisha uzito wa kichwa kwa greni na kasi kwa futi kwa sekunde, kisha kugawa kwa 1,000. Kichwa cha greni 147 kikienda futi 870 kinatoa 127.9. Wengi huchagua kichwa kizito na baruti ya haraka kwa sababu baruti kidogo hutoa gesi kidogo, na msukumo mkononi ni laini. Sawa, ila kichwa kizito kirefu na baruti ya haraka ndiyo michanganyo inayoacha nafasi ndogo ya kukosea. Kama mwongozo hauonyeshi baruti yako kwa kichwa hicho, chukulia kuwa jibu ni hapana. Kwa 9 mm ningeanza na HP-38 au Universal kabla ya Clays.

Kuupata mchanganyo

Anza na kipimo cha kuanzia cha mwongozo, si cha juu. Panda kwa greni 0.1 au 0.2, risasi 10 kwa kila hatua, zikiandikwa na kutengwa. Fyatua ukiwa umeegemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, na kama inawezekana kwa umbali kamili wa mashindano yako. Mchanganyo unaong'ara kwenye mita 15 unaweza kutawanyika kwenye 50. Simama pale kundi la matundu linapokaza na bastola inapofanya kazi bila kukwama. Kuendelea hadi kikomo hakukuongezei pointi.

Usishuke pia chini ya kipimo cha kuanzia. Kichwa chenye koti la shaba kina msuguano mkubwa, na baruti kidogo mno hukiacha katikati ya mtutu.

Wala usitegemee dalili za ganda kukuonya. Fataki iliyobapazwa, inayotajwa sana kwenye bunduki ndefu, haionekani kwenye .38 Special au .45 ACP mpaka shinikizo liwe limepita kikomo mbali. Kwenye risasi za shinikizo dogo, ganda linaloonekana zuri halijathibitisha chochote. Mlinzi wako ni mwongozo na mizani.

Namna ya kujaza nayo ni sehemu ya uchaguzi wa baruti. Panga maganda 50 yenye fataki kwenye ubao wa matundu yakiwa yameinamishwa mdomo chini. Lichukue moja, ligeuze, lijaze, liweke upande wa pili mdomo juu. Ganda lililotazama juu limejazwa, lililotazama chini halijajazwa, na hakuna hali ya tatu. Kabla ya kuweka kichwa hata kimoja, pitisha taa juu ya ubao wote na uangalie kina cha baruti safu kwa safu. Lililo juu kuliko wenzake au chini kuliko wenzake limwagwe na lipimwe upya. Ukikatizwa na simu au mgeni, rudisha baruti ya ganda ulilokuwa nalo mkononi na uanze nalo tena.

Ikitokea kwenye uwanja wa shabaha mlio mdogo, teke hafifu, au moshi unaovuja pasipo kawaida, simama. Toa magazini, fungua slaidi au silinda, hakikisha chemba iko tupu, kisha pitisha fimbo mtutuni mpaka itokee upande wa pili. Kichwa kilichokwama kikifuatwa na kingine mtutu unavimba au kupasuka. Zoezi la kufyatua haraka haraka ndilo hatari zaidi hapo, kwa kuwa kidole kinatangulia sikio.

Makopo yakae kwenye ubaridi, pakavu, mbali na jua, baruti ikiwa ndani ya kopo lake la asili. Ukilifungua na kukuta harufu kali ya asidi, au vumbi na mvuke wa rangi ya kutu, baruti imeoza na haifai kujazwa. Iliyo salama hunuka kama etha au asetoni.

Na ukimaliza kopo ukanunua la jina lilelile, angalia namba ya toleo kwenye lebo. Likiwa toleo jipya, mwaga tena vipimo 10, vipime kwa pamoja, ugawe kwa 10, na ushuke chini ya kipimo ulichozoea kabla ya kupanda upya. Ratili moja kwa greni 4 ni risasi 1,750. Dakika kumi za kupima mwanzoni mwa kopo zinazihusu zote.